Ufundi wa Kulinda Uhondo wa Gemu

Wiki ya gemu, yaani kamusi elezo inayoandikwa na mashabiki wenyewe, hufunguliwa na aliyekwishamaliza gemu na sasa anataka undani wake wote. Hufunguliwa pia na aliyekwama njiani, anayetafuta ufunguo mmoja tu. Wa kwanza hana cha kupoteza. Wa pili akikutana na jina la msaliti kabla ya wakati wake, ameibiwa kitu kisichorudishika. Kuwahudumia wote wawili kwenye ukurasa uleule ni ufundi halisi, na wanaoufanya vizuri, bila malipo wala kujulikana, wanastahili heshima.

Ufundi huu umeitangulia intaneti ya leo. Katika miaka ya 1980, kampuni ya Infocom ya Marekani, iliyotoa gemu za maandishi kama Zork, iliuza vijitabu vilivyoitwa InvisiClues. Maswali yalichapwa wazi, majibu kwa wino usioonekana. Mchezaji alipitisha kalamu maalumu juu ya mstari, jibu likajitokeza. Majibu yalikwenda kwa ngazi, dokezo hafifu kwanza, suluhisho kamili mwishoni, kama mtega kitendawili asiyetoa jibu kabla hajapewa mji. Uhodari mkubwa zaidi ulikuwa kwenye maswali. Swali lenyewe laweza kutoboa siri: anayesoma, mathalani, “Joka huuawaje?” ameshajua kwamba joka lipo. Kwa hiyo watungaji walichanganya humo maswali ya uongo, kuhusu mambo yasiyokuwamo kabisa kwenye gemu.

Wiki imerithi tatizo hilohilo, tena likiwa limekua. Mhariri anaweza kuweka onyo na kuficha aya nzima nyuma ya kitufe, siri ikavujia pembeni. Kisanduku cha taarifa juu ya ukurasa kina mstari wa “Hali”, na neno “Amefariki” huonwa kabla jicho halijafika kwenye onyo. Orodha ya yaliyomo hutaja kichwa “Usaliti”. Mtihani mgumu kuliko yote ni mhusika anayejificha kwa jina bandia: jina hilo likielekezwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa jina halisi, kule kutafuta tu kumemaliza kila kitu. Mhariri stadi huliwekea kila jina ukurasa wake, akaunganisha kurasa hizo chini kabisa, mahali asipofika msomaji ila kwa kukusudia.

Wapo wanaoona juhudi hizi ni bure. Wikipedia ya Kiingereza iliachana na maonyo ya aina hii mwaka 2007, kwa hoja kwamba anayefungua sehemu ya muhtasari wa hadithi anajua anachokifuata. Mwaka 2011, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wasomaji wa hadithi fupi walizifurahia zaidi walipoambiwa mwisho wake mapema. Huenda ni kweli kwa hadithi fupi, ambayo haimdai msomaji kutegua lolote ili asonge mbele. Gemu hudai. Katika Outer Wilds, iliyotoka 2019, chombo cha anga cha mchezaji kinaweza kufika karibu popote tangu mwanzo. Kinachomzuia ni kutojua. Aliyesimuliwa amechezewa gemu na mtu mwingine, na kwa sababu hiyo hakuna ugunduzi wa Outer Wilds hata mmoja unaotajwa hapa.

Baadhi ya jumuiya huondoa maonyo muda fulani ukipita tangu gemu itoke. Desturi hiyo hupunguza kazi, lakini humsahau anayeianza leo Final Fantasy VII ya mwaka 1997, gemu yenye kifo kinachozungumzwa kila mahali. Kwake yeye gemu hiyo ni mpya kabisa. Na kumlinda si kazi kubwa: kumwekea mhusika picha ya mwanzoni mwa safari, badala ya ya mwishoni, hakumgharimu mhariri chochote, na aliyekwishamaliza hakosi kitu: yaliyomfika mhusika yameelezwa kwa kina chini, kwenye sehemu yake.