Reli ya Zamani, Lami ya Leo, Theluji ya Januari

Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, usiku wa Januari baridi hushuka mara nyingi chini ya nyuzi -10 za Selsiasi. Hata hivyo, njia ya lami ya Midtown Greenway, yenye urefu wa kilomita 9 hivi, hutembeleka kwa miguu. Sehemu kubwa ya siri yake ilichimbwa kati ya 1912 na 1916, kampuni ya reli ya Chicago, Milwaukee & St. Paul ilipoishusha njia yake ndani ya mtaro ili treni zisikatize barabara za mji.

Mtaro huo una kina cha mita 6 hivi, na barabara huuvuka juu kwa juu kwa madaraja mengi. Kwa hiyo mwenda kwa miguu hasimami kwenye kona iliyoganda akisubiri magari, na upepo unaochoma uso humpunguzia makali. Tena treni nzito haziwezi vilima. Reli ililazwa karibu tambarare, na lami iliyofunguliwa kwa awamu kuanzia 2000, ikafika mto Mississippi 2006, ikarithi usawa huo.

Tatizo ni kwamba mtaro unaelekea mashariki na magharibi. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri hufika nyuzi 22 hivi tu juu ya upeo, basi ukingo wa kusini wenye mita 6 hutupa kivuli cha mita 15. Ukingo wa kaskazini ndio unaopata jua. Theluji yake huyeyuka mchana, maji yakatiririka juu ya lami, usiku yakaganda. Asubuhi unaona ukanda mweusi unaong'aa, ukadhani ni lami iliyolowa tu, kumbe ni barafu. Chumvi ya kawaida nayo huishiwa nguvu baridi ikipita nyuzi -9 hivi.

Ndiyo maana naona kazi kubwa hufanywa na magari ya manispaa yenye koleo mbele. Theluji mbichi husukumika; ikishakanyagwa na kushikamana, haibanduki kirahisi. Kwenye daraja la njia hii liitwalo Martin Olav Sabo, lililofunguliwa 2007, uangalifu uzidi, kwa kuwa daraja hupigwa na baridi juu na chini, likaganda kabla ya ardhi.

Miji yenye reli zilizokufa na theluji nyingi itenge fedha za kukwangua njia kabla ya kumwaga lami.