Kutoka Lakabu hadi Nafsi: Ukuzaji wa Wahusika Wadogo katika Upitiaji wa Rasimu ya Riwaya ya Kariakoo

1.0 Utangulizi

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichokaa mahali hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtaa mkubwa wa biashara kuliko yote jijini Dar es Salaam umeitwa kwa jina la watu waliobeba mizigo ya wengine, na ambao wengi wao majina yao hayajulikani. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya jiji, nayo inawakumbuka wapagazi hao katika maandishi yake, lakini kwa jumla yao, si kwa mtu mmoja mmoja. Historia imewafanya wahusika wadogo: wamo, kazi yao inaonekana, ila nafsi zao hazisikiki.

Makala hii inachunguza jinsi riwaya inayojengwa katika mandhari hayo inavyoweza kurudia au kurekebisha upungufu huo. Hoja inayotetewa ni kwamba mhusika mdogo wa riwaya ya jiji mara nyingi huzaliwa kama lakabu katika rasimu ya kwanza, na kwamba kazi ya kumpa nafsi hufanyika zaidi wakati wa kupitia rasimu kuliko wakati wa kuiandika. Aidha, inaonyeshwa kwamba kumpa mhusika huyo nafsi si sawa na kumwongezea wasifu.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kugawa wahusika katika bapa na duara, mgawanyo uliotokana na mihadhara ya E. M. Forster iliyochapishwa mwaka 1927 na ambao umejadiliwa kwa mapana katika vitabu vya misingi ya uhakiki, kikiwamo Uhakiki wa Fasihi cha K. W. Wamitila (2002). Mgawanyo huo una manufaa katika kueleza matini iliyokamilika. Hata hivyo, unamsaidia kwa kiasi kidogo mtunzi mwenye rasimu mkononi, kwa sababu unaelekea kumshauri kwamba kila mhusika bapa ni kasoro inayopaswa kutiwa uduara. Riwaya yenye wahusika duara watupu haiandikiki. Nafasi haitoshi.

Alex Woloch, katika kitabu chake The One vs. the Many (2003), analiweka suala hilo katika msingi mwingine. Kwake, riwaya ni mgao wa nafasi: kila ukurasa anaopewa mhusika mkuu umechukuliwa kutoka kwa wengine, na mhusika mdogo ni mtu kamili aliyebanwa katika nafasi finyu. Mtazamo huu unafaa zaidi kwa mada ya makala hii, kwani upitiaji wa rasimu kimsingi ni tendo la kugawa upya nafasi. Mtunzi anapopunguza aya, kuunganisha wahusika wawili kuwa mmoja au kumhamishia mtu mwingine kauli fulani, anafanya uamuzi kuhusu nani astahili kusikika.

Mhakiki wa riwaya ya Kiswahili kwa kawaida hufanya kazi na chapa, si na miswada. Kwa hiyo makala hii inatumia njia mbili: kusoma riwaya zilizochapishwa kwa kutazama namna nafasi ilivyogawanywa, na kuchambua mfano wa rasimu uliobuniwa mahususi ili kuonyesha hatua za upitiaji.

3.0 Lakabu kama Tatizo la Usawiri

Kariakoo ni mahali ambapo watu huitwa kwa kazi, kwa ukoo wa kubuni au kwa asili yao. Muuzaji humwita mnunuzi "mjomba", "dada" au "bosi" bila kumjua. Mbeba mzigo huitwa kuli. Mchuuzi wa barabarani huitwa machinga, jina linalohusishwa na Wamachinga wa Lindi, ingawa leo humtaja mchuuzi wa kabila lolote. Mwanamke apikaye chakula huitwa mamantilie. Neno hili la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa limeundwa kutokana na ombi la mlaji: "mama, nitilie". Jina la mpishi ni sentensi ya mteja. Mtunzi anayelichukua kama lilivyo na kuliacha libaki utambulisho pekee wa mhusika wake, amekwisha kuchagua upande wa meza atakapokaa msimulizi.

Lakabu za asili zina uzito mkubwa zaidi. "Mhindi" mwenye duka, "Mpemba" wa vitambaa, "Mmasai" mlinzi na "Mchaga" wa vipuri ni watu wanaoweza kuingia katika rasimu bila mtunzi kuwafikiria, kwa sababu msomaji amekwisha kuwafikiria kwa niaba yake. Hapa ufundi na maadili hukutana.

Mfano unaojulikana vyema ni wa Charles Dickens. Katika Oliver Twist, Fagin aliitwa "Myahudi" tena na tena katika simulizi. Mwaka 1863 Bi. Eliza Davis, msomaji wa Kiyahudi, alimwandikia mwandishi kulalamikia dhuluma hiyo. Dickens alijitetea kwanza. Baadaye, katika toleo la 1867, aliondoa sehemu kubwa ya matumizi ya neno hilo katika sura za mwisho na kuliweka jina la mhusika mahali pake. Kabla ya hapo, alipokuwa akichapisha David Copperfield kwa mafungu mwaka 1849 hadi 1850, mwanamke mmoja mwenye kimo kifupi alijitambua katika mhusika aitwaye Bi. Mowcher na kulalamika. Mhusika huyo aliporudi katika fungu la baadaye, alikuwa mtu mwema mwenye kueleza jinsi dunia inavyomwona.

Visa hivi viwili vinatofautiana kwa namna inayofaa kuzingatiwa. Katika Oliver Twist marekebisho ni ya neno. Tendo la Fagin halikubadilika. Katika David Copperfield marekebisho ni ya mwelekeo wa mhusika, na yamefanyika waziwazi kiasi kwamba mshono unaonekana. La kwanza ni dogo mno, la pili limechelewa mno. Yote mawili yanathibitisha kwamba mahali panapofaa pa kusahihisha ni rasimu, kabla malalamiko hayajahitajika.

4.0 Pande Mbili za Barabara ya Uhuru

Katika fasihi ya Tanzania, swali la nani ni mdogo kwa nani linaonekana wazi zaidi pale riwaya mbili zinaposomwa pamoja. M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, aliandika kwa Kiingereza The Gunny Sack (1989) na mkusanyo wa hadithi Uhuru Street (1991), ambao jina lake ni la barabara inayopita Kariakoo na ambayo kabla ya uhuru iliitwa Kichwele. Katika kazi hizo familia za wenye maduka wenye asili ya Kihindi ndizo zilizo katikati. Mwafrika mara nyingi ni mtumishi, mshonaji au mpita njia. Hata hivyo The Gunny Sack ina Bibi Taratibu, mtumwa aliyepewa Dhanji Govindji, akamzalia mtoto wa kiume. Nafasi yake katika kurasa ni finyu, lakini ukoo wa msimulizi umepitia kwake, na kutafutwa kwa mwanawe aliyepotea ndiko kunakomwangamiza Dhanji. Bibi Taratibu haelezwi sana. Anatenda kazi katika msuko hata anapokuwa hayupo. Hiyo ni njia moja ya kumkuza mhusika mdogo: uzito bila urefu.

Upande wa pili, Shafi Adam Shafi katika Vuta n'kuvute (1999) anamchukua Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar, mtu ambaye riwaya nyingi za Kiswahili zingemwacha nyuma ya kaunta, na kumweka katikati. Anayebaki pembeni ni Mwajuma, rafiki ambaye humpokea Yasmin jamaa zake wanapomkataa. Mwajuma angeweza kuwa chombo tu cha kumpa mhusika mkuu paa na usiri. Anaokolewa na hali moja: ana furaha zake mwenyewe, ambazo hazimngojei Yasmin. Mlango anaoufungua ni wa nyumba yenye maisha yaliyokwisha kuanza.

Njia ya tatu inaonekana katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Farashuu anaingia akionekana kama mwanamke mzee wa kawaida wa hadithi, na msomaji anamzoea hivyo. Baadaye inabainika kwamba ana kisasi chake na Bwana Maksuudi kwa ajili ya bintiye, Mwanasururu. Yaliyosomwa mwanzo yanapata maana mpya. Ufundi wa aina hii ni vigumu kufikiriwa bila kurudi nyuma: mtunzi lazima ahakikishe kwamba kila tendo la awali linakubali maelezo mawili.

Kazi hizi tatu zinaonyesha uzito, maisha yanayojitegemea na historia iliyofichwa. Hakuna hata moja inayotegemea maelezo marefu ya sura, mavazi au utoto wa mhusika.

5.0 Mfano wa Upitiaji: Mpagazi wa Mtaa wa Congo

Chukuliwe rasimu ya kubuni. Kijana aitwaye Sefu amefika kutoka Lindi na mzigo wa majora ya vitenge, akitafuta duka la mjomba wake Mtaa wa Congo kabla halijafungwa. Anakodi mkokoteni. Katika rasimu ya kwanza, "kuli mmoja" anapakia mzigo, anapaza sauti kuwatawanya watu, anafika, analipwa, anatoweka. Kazi yake ni ya mkokoteni wenyewe. Angeondolewa, mkokoteni ungetosha.

Katika rasimu ya pili mtunzi anatambua upungufu huo na kuongeza aya: kuli ana watoto wanne, mkewe ni mgonjwa, anaishi Manzese katika chumba kinachovuja. Aya hii ina nia njema, lakini imeshindwa. Imempa mhusika huruma ya msomaji badala ya kumpa nia. Tena, imesimamisha hadithi ili kumtazama, kisha imeendelea bila kuguswa naye. Ikifutwa, hakuna sentensi nyingine itakayotikisika.

Katika rasimu ya tatu aya hiyo imeondolewa. Kuli sasa anaitwa Mzee Abdala, kwa kuwa ndivyo wenzake wanavyomwita wanapompisha njiani. Wakifika karibu na duka, anasimama na kukataa kufungua kamba mpaka alipwe. "Mwanangu, kamba nikishaifungua mimi si mtu tena," anasema. Sefu hana fedha. Alitegemea mjomba amlipie. Anakwenda kumwita, anarudi, na duka limeanza kufungwa. Mgogoro wa kwanza kati ya Sefu na mjomba wake unatokana na ujira wa mpagazi.

Mabadiliko yaliyofanyika ni matatu. Kwanza, lakabu imepisha jina, na jina limetoka kwa wenzake wa kazi, si kwa msimulizi. Pili, mhusika ana tahadhari inayodokeza kwamba amewahi kudhulumiwa, pasipo kisa hicho kusimuliwa. Tatu, nia yake imegongana na nia ya mhusika mkuu, na msuko umebadilika. Idadi ya maneno imepungua kuliko katika rasimu ya pili, lakini nafasi ya mhusika imeongezeka.

6.0 Vigezo na Mipaka

Kutokana na uchambuzi huu vinapendekezwa vigezo vitatu vya kupitia rasimu. Cha kwanza ni cha jina: mhusika huyu anaitwaje na walio sawa naye, na je, simulizi inamwita kwa jina hilo au kwa jina la anayemtumia? Cha pili ni cha kutokuwepo: mhusika yuko wapi asipoonekana? Kigezo hiki kina uzito wa pekee Kariakoo, kwa sababu mahali penyewe hubadilika ghafla. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021. Rasimu iliyoanzwa kabla ya moto huo na kupitiwa baada yake haiwezi kubadili mandhari tu na kuwaacha wauzaji wake kama walivyokuwa; lazima ijue kila mmoja alipoteza nini na alihamia wapi, hata kama haitasema. Cha tatu ni cha matokeo: mhusika akifutwa, ni tendo gani la mhusika mkuu litakalokosa sababu?

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Yawezekana kudai kwamba soko halisi ni mahali pa watu wasiojuana, na kwamba kuwapa wote majina ni kuusaliti uhalisia huo. Dai hili ni la kweli kwa sehemu. Umati unahitajika, na wako watakaopita bila jina. Lakini kutojuana kwa sokoni ni kwa pande zote mbili: mnunuzi hamjui muuzaji, na muuzaji hamjui mnunuzi. Riwaya inayomfahamu mmoja kikamilifu na kumwita mwingine kwa lakabu tangu mwanzo hadi mwisho haijaonyesha kutojuana, imeonyesha upendeleo. Vigezo vilivyopendekezwa havimlazimishi mtunzi kumkuza kila mtu. Vinamlazimisha kujua ni nani aliyeachwa mdogo kwa uamuzi, na ni nani aliyeachwa hivyo kwa mazoea.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ukuzaji wa mhusika mdogo ni suala la mgao wa nafasi, na kwamba mgao huo huonekana na kurekebishika zaidi wakati wa kupitia rasimu. Vuta n'kuvute, Utengano na The Gunny Sack zinathibitisha kwamba nafasi finyu inaweza kubeba nafsi kamili iwapo mhusika ana nia, historia au uzito unaogusa msuko. Kwa mtafiti, matokeo haya yanadai kwamba miswada na rasimu za watunzi wa Kiswahili zikusanywe na kuhifadhiwa, kwa kuwa humo ndimo uamuzi kuhusu wahusika hawa ulimofanyika. Kwa mtunzi wa Kariakoo, yanadai jambo lililo jepesi kulitaja na gumu kulitenda: kabla ya kuufunga mswada, arudi kwa kila aliyebeba mzigo humo na kuuliza jina lake.