Kiinua Mgongo

Filamu ya Wild Hogs ya mwaka 2007 nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa sekondari, nikacheka sana. Mara ya pili ilikuwa mwaka huu, nimekaa kochi moja na baba yangu mwenye miaka 62, na sehemu niliyoicheka zamani ndiyo iliyomfanya ainuke aende jikoni kunywa maji.

Sehemu yenyewe ni hii. Wanaume wanne wa makamo kutoka Cincinnati wamechoshwa na maisha: daktari wa meno, fundi bomba, mtaalamu wa kompyuta, na mmoja anayejifanya bado ni tajiri. Wanapanda Harley zao kuelekea Pasifiki. Huyo wa kompyuta, Dudley, aliyeigizwa na William H. Macy, kazi yake kubwa ni kuanguka. Kila akianguka, kamera inatupa ruhusa ya kumcheka, kisha picha inakatwa. Tukimwona tena, pikipiki imeshasimama na safari inaendelea.

Nani aliiinua? Filamu haisemi, na mimi nisingeuliza kama isingekuwa kwa yaliyotokea wiki mbili kabla.

Baba alistaafu utumishi wa umma akiwa na miaka 60. Kiinua mgongo kilipotoka, ndugu walikuwa wameshakipangia matumizi: vyumba vya kupangisha, kuku wa mayai, Hiace. Alijenga vyumba viwili, na kilichobaki akanunua BMW R1200GS iliyotumika, pikipiki ya safari ndefu yenye uzito wa zaidi ya kilo 220 ikiwa na mafuta. Boda boda za mtaani kwetu ni kama nusu ya hapo. Mama hakusema kitu kwa siku tatu, na wanaomjua wanaelewa ukimya wake una maana gani. Aliyesema ni shangazi: mzee mzima anatafuta nini barabarani? Na kwa kuwa mimi nasoma shahada ya uzamili ya fasihi, na ukoo unaamini kwamba msomi wa fasihi ana maneno, nikatumwa nikamshauri auze.

Sikumshauri. Nilianza kutafuta vitabu na filamu kuhusu watu wa rika lake na pikipiki zao, nikitaka kujua kama kuna mahali jambo hili limesemwa vizuri kuliko alivyolisema shangazi. Hapa nitazungumzia kazi tatu tu, na nitazipima kwa kipimo kimoja: mwendeshaji anapoanguka, kazi hiyo inafanya nini na anguko lake?

Kwanza nieleze kwa nini kipimo hicho. Mtu asiyeendesha hudhani pikipiki kubwa ni hatari kwa sababu ya kasi tu. Kasi inaua, hilo halina ubishi. Lakini uzito wenyewe husumbua zaidi pikipiki ikiwa karibu kusimama. Ikiwa mwendoni, magurudumu yanajishikilia yenyewe na dereva anaegemea tu. Ukipunguza hadi mwendo wa mtu anayetembea, usukani umekata kona, ukashika breki ya mbele ghafla, kilo zote 220 zinakurudia kwenye mguu mmoja. Kama mguu huo umekanyaga kokoto au dimbwi la dizeli, basi. Kijana pengine ataikaza ikarudi. Mtu wa miaka 62 mwenye goti bovu ataiacha ilale, na akiwa na busara ataruka pembeni.

Ndivyo ilivyotokea kituo cha mafuta. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikashuka ili ajaze. Alipokuwa anageuza kuifuata pampu, ikalala taratibu, kama ng'ombe anayejilaza. Hakuumia. Alijaribu kuinua, ikagoma. Nikashika kwa mbele, ikagoma. Wakaja vijana watatu wa boda boda kutoka kijiwe cha upande wa pili, wakaisimamisha kwa pumzi moja. Mmoja akaizunguka, akauliza, "Mzee, hii inabeba abiria wangapi?" Wenzake wakacheka. Baba akacheka pia, kicheko kifupi, akavaa helmeti. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama, akaniambia bila kugeuka, "Mama yako asijue."

Kwa hiyo Wild Hogs tuliitazama tukiwa na siri hiyo kati yetu.

Kosa la filamu hii si kwamba inawacheka wazee. Mwili unaozeeka una vichekesho vyake, na wazee wenyewe ndio wanaovijua zaidi. Kosa lake ni kwamba inataka kicheko bila kulipia. Wanne hawa wanaitwa marafiki wa damu, lakini urafiki wao unathibitishwa kwa ngumi. Wanafika mji mdogo wa New Mexico, wanakabiliana na genge la wababe wa pikipiki, wanapigwa, wanasimama, wanapigwa tena. Mwishoni anatokea Peter Fonda, yule yule wa Easy Rider ya mwaka 1969, anawakemea wababe na kuwapa wanne wetu baraka za ukoo. Umri unageuzwa kuwa mtihani wa uanaume, na mtihani unafaulishwa na mzee maarufu kuliko wote. Hakuna hata mara moja tunapoona mikono ya rafiki ikishika chuma kilicholala chini. Nadhani ndiyo sababu baba aliinuka. Hakuona aibu yake mle, aliona aibu yake ikifutwa kana kwamba si kitu.

Kazi ya pili ni The World's Fastest Indian ya mwaka 2005, ya mwongozaji Roger Donaldson. Anthony Hopkins anaigiza kama Burt Munro, mzee wa Invercargill, New Zealand, aliyetumia miongo kadhaa kuifumua na kuifuma upya Indian Scout yake ya mwaka 1920 ndani ya banda. Pikipiki iliyotoka kiwandani ikikimbia kilomita 90 hivi kwa saa, aliifikisha kwenye uwanja wa chumvi wa Bonneville, Marekani, na mwaka 1967, akiwa na miaka 68, akaweka rekodi ya dunia ya daraja la injini zisizozidi sentimita za ujazo 1000. Filamu imezibana safari zake nyingi za Bonneville zikaonekana kama moja, jambo ambalo silioni kuwa kosa.

Si pikipiki ya safari ndefu, najua. Lakini filamu hii inauheshimu mwili. Moyo wa Munro una kasoro, ana vidonge vyake, mguu wake unaungua kwa moto wa ekzosi. Na tofauti na Dudley, Munro hawezi kufika popote bila watu. Kuna kipindi kimoja nakipenda kuliko vyote: kabla ya kuondoka kwao, vijana wa genge la pikipiki wanamtania, wanashindana naye ufukweni. Kwenye mstari ulionyooka anawaacha. Kwenye kugeuza, anaanguka. Baadaye, siku ya safari, vijana wale wale wanakuja kumsindikiza barabarani na kumpa pesa ya bia. Donaldson alimfahamu Munro, alishatengeneza filamu ya uhalisia juu yake mwaka 1971, na mapenzi hayo yanaonekana.

Hata hivyo, kipimo changu kinaikuta na pungufu. Mwishoni, baada ya mbio kubwa kuliko zote, Munro anaanguka tena na kulala juu ya chumvi huku akitabasamu. Hapo anguko limekuwa utukufu. Na wote waliomsaidia njiani, kila mmoja alitokea mara moja, akatoa alichonacho, akabaki nyuma ya kioo cha gari. Wao ni ngazi, na yeye ndiye anayepanda. Filamu inajua kwamba mzee anahitaji watu, lakini haijui kwamba watu nao wangeweza kumhitaji mzee. Baba aliipenda sana. Mimi nilimwona usiku ule akitafuta bei za matairi kwenye simu, nikapata wasiwasi. Utukufu ni mshauri mbaya kwa mtu mwenye goti bovu.

Kazi ya tatu ni kitabu, na kama kitabu ndiyo dhaifu kuliko ndugu yake mkubwa. Ted Simon, mwandishi wa habari wa Uingereza, aliondoka London mwaka 1973 akiwa na miaka 42 juu ya Triumph ya sisi 500. Akazunguka dunia kwa miaka minne, kisha akaandika Jupiter's Travels, kilichotoka mwaka 1979. Wasafiri wengi wa pikipiki wanakichukulia kama msahafu. Mwaka 2001, akikaribia miaka 70, aliamua kuifuata tena njia ile, safari hii kwa BMW. Kitabu cha pili, Dreaming of Jupiter, kilitoka mwaka 2007.

Anayekisoma baada ya cha kwanza atasikitika kidogo. Cha kwanza kina mshangao wa mtu anayeiona dunia kwa mara ya kwanza. Cha pili kina mtu anayelinganisha: barabara ilikuwa hivi, sasa iko hivi, watu wamekuwa wengi mno. Mimi ninayesoma nikiwa Afrika Mashariki ninakutana na ugumu mwingine, kwa sababu nasoma nikiwa upande wa barabara, pamoja na wale wanaopitwa. Vitabu vya safari huandikwa na anayepita. Anayepitwa hubaki kijijini kwake akiwa sentensi moja, mara nyingi yenye tabasamu.

Lakini katika safari hii ya pili, Simon alivunjika mguu nchini Kenya. Na hapo ndipo ninapokiona kitabu hiki kuwa na ukweli ambao kazi nyingine mbili hazina. Mfupa wa mtu wa rika hilo hauungi kwa kukata picha. Anayepita analazimika kukaa. Mizigo yake inabebwa na wengine, siku zake zinapangwa na wengine. Anguko si kichekesho wala ushindi, ni muda, na muda huo unaishi mikononi mwa watu. Kisha anaendelea na safari hadi mwisho. Sisemi kwamba Simon aliandika hayo kama ninavyoyasema. Nasema mwili wake ulikilazimisha kitabu kusimama mahali ambapo mwenyewe asingesimama, na kitabu kikawa bora kwa kurasa hizo.

Baba hasomi Kiingereza kirefu siku hizi, macho yanachoka, kwa hiyo nilimsimulia. Alisikiliza, akauliza kitu kimoja: "Alipopona, aliogopa kupanda tena?" Nilimwambia sidhani kuna mtu asiyeogopa. Wiki iliyofuata akajiunga na kundi la waendeshaji ambalo mwenzake wa zamani wa kazini alikuwa akimwitia tangu anunue.

Nilimsindikiza siku ya kwanza, nusu nikiwa mwana, nusu mhakiki. Nilitegemea koti za ngozi na majigambo, na koti zilikuwepo. Lakini somo la kwanza halikuwa la kwenda. Mama mmoja mhasibu, mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, aliilaza pikipiki yake chini makusudi. Akazima injini, akaingiza gia ili isiteleze. Akaipa mgongo, akakalisha makalio kwenye ukingo wa siti, akageuza usukani kabisa kuelekea ilikolalia, mkono mmoja ukashika usukani, mwingine ukashika chuma cha nyuma. Kisha akasukuma kwa miguu, hatua fupi fupi za kinyumenyume, hadi ikasimama. "Usiinue kwa kiuno," akamwambia baba. "Na ukiwa na mtu karibu, mwite. Hapa hakuna zawadi ya kuinua peke yako." Baada ya hapo wakazunguka chupa za maji zilizopangwa uwanjani, taratibu, klachi nusu, breki ya nyuma, macho mbali. Asubuhi nzima. Njiani mzoefu anatangulia, mwingine mzoefu anafunga mkia, na wa mkia haruhusiwi kumpita aliyesimama.

Ningependa kumalizia hapo, lakini uhakiki wangu ungekuwa na kosa lile lile la Wild Hogs. Kundi lile ni la watu wenye uwezo. Utaratibu wanaojivunia, wa kutomwacha mwenzao barabarani, upo siku zote kwenye vijiwe vya boda boda, ambako mwenzao akipata ajali wanachangishana kabla ya ndugu kufika. Tofauti ni kwamba kule hakuna anayetengeneza filamu ya kuwaita huru. Wanaitwa kero.

Jumapili ile jioni baba alimweleza mama mwenyewe habari ya kituo cha mafuta, bila mimi kumwambia. Mama aliendelea kuchambua mchele. Hakuuliza kama aliumia, kwa maana alimwona mzima mbele yake.

"Nani alikuinulia?" akauliza.

"Vijana wa boda boda."

"Uliwapa nini?"

Baba akanitazama, mimi nikatazama ungo. Hatukuwa tumewapa kitu. Hata majina hatukuwauliza.