Jozi, Usukani na Maana ya Istilahi

Katika uundaji wa istilahi za sayansi, kosa jepesi kutendeka ni kufasiri jina na kuliacha wazo. Mwaka 1803 Mfaransa Louis Poinsot, katika kitabu chake cha statiki, alieleza kani mbili zilizo sawa kwa ukubwa, sambamba, zenye mielekeo kinyume na zisizo katika mstari mmoja. Aliziita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya wawili walioambatana. Mfasiri wa Kiswahili hujiwa kwanza na neno "jozi".

Neno hilo halitoshi. Jozi ya viatu hueleza idadi na mfanano, haielezi tendo. Mwenye baiskeli pale Lugulu, kando ya barabara ya Webuye hadi Kitale, akitaka kugeuza usukani, mkono mmoja husukuma na wa pili huvuta. Iwapo kila mkono watoa nyutoni 20, na umbali baina yake ni sentimita 60, momenti ni nyutoni-mita 12. Ipimwe katikati ya usukani, ipimwe penye mkono wa kushoto, ipimwe hata nje kabisa ya baiskeli, jibu ni lile lile. Jumla ya kani ni sufuri, lakini mzunguko upo. Hicho ndicho kiini cha wazo, nacho hakimo katika "jozi".

"Jozi pinzani" nayo haifai, maana watu wawili wavutanao kamba kwa nguvu sawa ni wapinzani, wala hawazungushi kitu.

Yafaa wataalamu wajifunze kwa wasemaji wa kawaida. "Usukani" ni neno la mabaharia wa pwani. Chombo kiligeuzwa kwa mkono ulioshika kana. Neno lilipopanda bara likatwaa gurudumu la lori na mikono ya baiskeli, vyombo vishikwavyo kwa mikono miwili. Umbo lilibadilika, kazi ikabaki. Wasemaji waliita kwa kazi.

Kwa msingi huo, "jozi zungushi" ni istilahi bora: hutaja uwili na hutaja matokeo yake.

Suala hili si la kamusi tu. Nchini Kenya Kiswahili kilipata kuwa somo la lazima la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya lugha rasmi. Hata hivyo fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Lugulu, ambaye huenda lugha yake ya kwanza ni Lubukusu, hutegemea Kiswahili pale maelezo ya Kiingereza yanapomtatiza. Akipewa "jozi" tupu, atadhani kila kani mbili huzungusha. Istilahi mbovu itakuwa imemfunza fizikia mbovu, na lawama itaiangukia lugha isiyo na hatia.