Maji ya Betri na Mizani ya Skrepa

Betri ya gari iliyokufa, maadamu kasha lake halijapasuka wala vizibo vyake havijafunguliwa, ni mzigo mzito tu usio na ukorofi mkubwa. Shari yake huanza pale mtu anapoipindua ili ayamwage maji yake. Jambo hili mafundi wetu wa gereji wanalijua nusu. Wanajua kuwa maji hayo, ambayo ni tindikali ya salfuriki, hutoboa nguo na kuunguza ngozi, basi huyamwaga mbali kidogo na miguu yao, nyuma ya banda au mtaroni. Lakini aghalabu hawaizingatii risasi iliyomo ndani yake, wala lile tope la kijivu lililotuama chini ya sahani, ambalo likikauka huwa vumbi, na vumbi hilo likafuatana na viatu na mashati ya kazi hadi nyumbani, likaishia vidoleni mwa watoto watambaao sakafuni.

Wanaomwaga hawamwagi kwa ujinga, bali kwa hesabu ya mizani. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na mnunuzi wa skrepa, asiyetaka kulipia maji wala kuyabeba, huitaka kavu.

Yanayojiri mbele ya hapo yalidhihirika Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ambako kati ya mwaka 2007 na 2014 kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za sentigredi, joto ambalo hata jiko la makaa hulifikia, na kwa hiyo kazi hii humhadaa mtu akaiona nyepesi; ugumu wake umo katika kuunasa moshi na kuyasafisha maji machafu, na hayo mawili hayakufanywa ipasavyo. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa hapo, alimpima mwanawe damu, ikaonekana ina risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya mivutano ya rufani Mahakama ya Juu ikaithibitisha fidia hiyo mwaka 2024.

Kwa fundi, basi, tadbiri iliyo bora ni kutofungua kitu. Betri isimame wima juu ya beseni la plastiki, chini ya paa, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe, hadi irudishwe dukani inaponunuliwa mpya, au ichukuliwe na mwenye leseni. Tindikali ikimwagika, inyunyiziwe magadi mpaka povu litulie. Lakini magadi huua ukali tu, risasi hubaki palepale, hivyo udongo ule sharti uchotwe na kufungwa katika mfuko mzito.

Mnunuzi akikataa kuibeba betri pamoja na maji yake, na iendelee kukaa beseni mwake mpaka apatikane mwingine, hata kama bei yake itapungua kidogo.