Kujifunza na Kufundishana: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Darasani

Tangu mitaala ya Tanzania ilipobadilishwa mwaka 2005 ili izingatie umahiri wa mwanafunzi, misemo miwili imerudiwa sana katika maandishi ya ualimu: "kazi za vikundi" na "kujisomea". Aghalabu misemo hiyo huwekwa kana kwamba ni njia mbili zisizokutana, na mwalimu hutakiwa achague moja kwa somo hili na nyingine kwa somo lile. Yafaa ichunguzwe kwanza kwa upande wa lugha, kwa maana kosa la darasani huweza kuanzia katika jina la jambo lenyewe.

"Kazi za vikundi" ni jina la namna ya kukaa, wala si la tendo. Husema kwamba watoto wamegawanywa watano watano au kumi kumi; halisemi wanatendeana nini. Na hali Kiswahili hakikukosa neno. Kiambishi -an- kimetupa kuulizana, kuelezana, kusahihishana na kufundishana, vitenzi ambavyo havitimii mpaka pande zote mbili zitende. Anayenyamaza hawezi kusemwa kwamba ameulizana na wenziwe. Lakini anaweza vizuri sana kuwa ndani ya kikundi, akahesabiwa, na kipindi kikaisha.

"Kujisomea" nako kuna hatari yake. Kiambishi -ji- kinapoandamana na kauli ya kutendea huweza kuleta maana ya jambo lifanywalo pasipo kumhusu mwingine: mtu hujiendea zake, au hujisemea peke yake. Basi mwanafunzi aliyeachiwa kitabu bila swali la kumwongoza hujisomea kwa maana hiyo duni. Neno "kujifunza" lina heshima zaidi, kwani humfanya mtu mmoja kuwa mwalimu na mwanafunzi wa nafsi yake, na mwalimu wa namna hiyo hana budi kujua anataka nini.

Wako watakaosema kwamba suala hili lilikwisha jibiwa na Mwalimu Julius Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967. Ni kweli kwamba kijitabu hicho kilipinga shule iliyomlea mtoto kushindana na wenziwe kwa ajili ya nafasi chache za sekondari. Lakini wengi wamelipokea neno "kujitegemea" kwa maana ya mtu mmoja mmoja. Katika hoja ya Nyerere wanaojitegemea ni jumuiya: shule pamoja na shamba lake, na taifa pamoja na watu wake. Hapo -ji- ni ya wengi. Hata hivyo, kijitabu hicho kilishughulika zaidi na shule na jamii kuliko na dawati. Hakikueleza jinsi watoto wawili watakavyogawana tatizo moja la hesabu bila mmoja kumbebea mwenziwe akili. Pengo hilo limebaki kwa walimu walijaze.

Uzito wa jambo hili huonekana wazi mahali kama Somanda, kata ya mji wa Bariadi, katika mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012. Hiyo ni nchi ya Wasukuma, na watoto wengi wa huko huanza shule wakiwa na Kisukuma kinywani, ilhali lugha ya kufundishia shule ya msingi ni Kiswahili. Katika darasa la namna hiyo kikundi hufanya kazi mbili zinazopingana. Humsaidia mtoto, kwa kuwa ataweza kumwuliza jirani kwa lugha ya nyumbani jambo ambalo angeona haya kumwuliza mwalimu. Tena humficha, kwa kuwa anayesimama kutoa majibu ni yule yule mwenye Kiswahili chepesi. Mwalimu husikia sauti moja na kudhani kwamba amesikia kumi. Mambo hayo hujirudia sekondari, ambako Kiingereza hushika nafasi ya Kiswahili. Kisha hufika mtihani wa taifa, ambao hauna kikundi, na ukimya uliofichwa miaka mingi hufichuka siku ambayo haiwezekani tena kuutibu.

Wasukuma wenyewe wana mfano uliokamilika kuliko istilahi za vitabuni. Katika bugobogobo, ngoma ya majembe inayotokana na kilimo cha pamoja, mapigo ni ya wote, lakini kila mtu hushika jembe lake. Ngoma haimlimii mtu, humpa mwendo. Asiyeinua jembe huonekana papo hapo, maana safu humwacha nyuma. Kikundi cha darasani kilichokosa sifa hiyo, yaani cha kumwonyesha kila mmoja na jembe lake, kina kelele za ngoma tu.

Kwa hiyo suala si kuchagua kati ya viwili hivyo, bali ni utaratibu wake. Mtoto apewe kwanza dakika chache aandike jibu lake mwenyewe, hata likiwa na makosa, hata likiwa la maneno matatu. Kisha ajadiliane na wenziwe, akiwa na kitu mkononi cha kutetea au cha kusahihishwa. Mwisho arudi peke yake na kuandika upya, na msemaji wa kikundi atajwe na mwalimu wakati ule ule, asichaguliwe na kikundi. Itasemwa kwamba darasa lenye watoto wengi haliwezi hayo. Lakini daftari na kalamu zipo hata katika darasa lililojaa, na mwalimu anayepitia madaftari machache kila siku ataujua ukimya wa darasa lake mapema kuliko anayesikiliza wasemaji.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tena walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakuona kwamba methali hizo zinapingana, kwani kila moja ina mahali pake. Vitabu vya ualimu navyo vingefaa viache kuhesabu vikundi, viulize ni nani ndani yake aliyeulizana, na alikuja na nini.