Mashine Ilivyofunzwa Kuujua Uvimbe Mkali

Mzee wa Kayole, Nairobi, akiambiwa PSA yake, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, iko juu, swali lake ni moja: uvimbe huu ni wa kunimaliza, au nitaishi nao hadi uzeeni? Saratani nyingi za tezi dume hukua polepole. Nyingine hukimbilia mifupani. Utafiti wa PI-CAI, uliochapishwa na jarida la Lancet Oncology mwaka 2024, uliipima akili unde katika kuzitambua hizo kali kwenye picha za MRI.

MRI huweza kufuatilia mwendo wa maji ndani ya tezi. Tezi yenye afya ina vifereji ambamo maji hutembea kwa raha. Seli za saratani zikisongamana kama abiria wa matatu ya Kayole saa moja jioni, maji hukwama, na mahali hapo huonekana peusi. Shida ni kwamba hata uvimbe wa maambukizi huweza kutia weusi.

Ndiyo maana mashine ilifunzwa kwa vipimo 9,207 kutoka Uholanzi. Mtihani wake ulisahihishwa kwa majibu ya patholojia na kwa kuwafuatilia wagonjwa miaka isiyopungua mitatu. Katika kesi 400, ilipata alama 0.91 kati ya 1 ya kutenganisha wenye saratani kali na wasio nayo. Madaktari 62 kutoka nchi 20 wakapata 0.86. Lakini haikuwashinda madaktari waliosoma picha za mtihani mzima kazini, wakiwa na historia ya mgonjwa na wenzao wa kushauriana nao. Hilo husahaulika upesi mno.

Mtihani wenyewe ulitoka Uholanzi na Norway, ilhali wanaume wenye asili ya Afrika wako kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu. Kwangu, pengo la Eastlands, mashariki mwa Nairobi, si programu, maana kesi 1,500 za PI-CAI ziko wazi kwa watafiti. Pengo ni majibu. Mgonjwa aweza kuanzia Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, apigwe picha kwenye kituo cha kibinafsi mjini, biopsi (kipande cha tezi kinachochunguzwa) isomwe maabara nyingine, kisha atibiwe Hospitali ya Kenyatta. Kinachounganisha yote ni bahasha ya kaki iliyo kwapani mwake. Picha isiyo na jibu la biopsi haiwezi kuifunza mashine ukali wa uvimbe. Kaunti ya Nairobi ianze kwa namba moja ya mgonjwa itakayofuata picha na biopsi kila ziendako, na iajiri wanapatholojia wa kuzisoma.